Ndakala ndani ya sakoshi ya mama

Bandugu, leo nimetapika mbele ya bajirani sababu ya sakoshi ya mama.

Ile mukoba yake ya ngozi, ya zamani, baba alimununulia Uvira mbele vita ianze.

Nilitaka kuirudisha mupya. Kuifungua tu: bichwa bya ndakala, zile samaki ndogo za ziwa, bimeoza, maji meusi, na funza zinatembea.
Funza, bandugu! Moja ilipanda kwa kidole yangu.

Nikasugua na sabuni na ndimu asubuhi yote. Nikaanika kwa kivuli, nikapaka vazelini. Ikang'aa. Harufu ikaisha.

Nikamupelekea mama nikicheka.

Akainusa. Akakasirika.
"Nani alikutuma? Hizo ndakala niliweka mimi, na kila mwezi naongeza zingine! Tulipokimbia vita kule Nundu, basoda ba bariere, bale banafunga njia, balinyanganya bamama bote masakoshi. Yangu baliifungua, bakaziba mapua, bakanisukuma nipite. Chini ya ndakala kulikuwa dawa za baba yako."



Tangu jana risasi zinalia tena kule juu ya milima.

Basi nimekamata ndakala za kuoza pale nilizitupa, nimezisiliba ndani na mikono yangu mwenyewe. Nimetapika tena.

Na sakoshi zenu, bamama, ziko zinanuka muzuri?
Pole yenu.