Vigingi Vyangu na Mikau ya Mama Kathini

Asubuhi moja mwezi wa pili nilitoka nje kupiga mswaki, nikakuta shamba letu limejaa wanawake wenye majembe.

Walikuwa wanachimba mashimo. Mashimo ya kumeza mtu hadi kiunoni, kila moja kando ya kigingi nilichopigilia mimi mwenyewe wiki iliyotangulia.

Walikuwa wanaimba, na ndani ya ule wimbo nikasikia jina langu.

"Injinia ameamka!" mmoja akapaza sauti. Vigelegele vikafuata.

Mswaki ulibaki mdomoni. Maana vile vigingi, ndugu zangu, vilikuwa vya uongo.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Naitwa Nzomo. Kwetu ni Matinyani, nje kidogo ya Kitui mjini. Nilisomea uhandisi wa umeme miaka mitano katika chuo kikuu cha serikali. Siku nilipoitwa chuo, mama yangu aliacha kuitwa Mama Nzomo. Akawa Mama Injinia. Kanisani, sokoni, hata matangani.

Nilipomaliza, nikaanza kusaga lami nikitafuta kazi. Huku wanataka uzoefu. Kule wanataka uwe umesajiliwa na bodi ya wahandisi, na ili usajiliwe ni lazima ufanye kazi chini ya injinia aliyesajiliwa, na huyo injinia hakuchukui kwa sababu huna uzoefu. Unazunguka hapo hapo hadi viatu vinaisha soli.

Darasa letu lilitawanyika. Mmoja anaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha mtandaoni. Mwingine anauza mitumba. Yule aliyekuwa akinakili kazi zangu ana ofisi yenye kiyoyozi, kwa hisani ya mjomba wake.

Mimi niliuza betri za sola pale Kambu, hadi mwenye duka akafunga. Kodi ya nyumba ikanishinda, landilodi akaweka kufuli lake juu ya langu. Nikabeba begi nikarudi nyumbani.

Mama alinipokea mlangoni. "Umekuja likizo?"

Hapo ndipo nilipoharibu.

"Hapana, mwaitu. Nimetumwa fieldi na ofisi."

Kaneno kadogo tu. Lakini uongo ni kama mbuzi, ukishamleta nyumbani lazima umtafutie majani. Siku zikapita nimekaa tu kivulini, majirani wakaanza kunitazama kwa pembe ya jicho. Nikatoa ile jaketi ya kung'aa niliyopewa wakati wa atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya chuo. Nikachonga vigingi. Nikavipanga kama njia ya laini ya stima, kutoka kwenye transfoma ya shule ya msingi, nikapita shamba la jirani yetu Mama Kathini, hadi mlangoni kwetu. Nilipima kwa hatua huku nimekunja uso kama mtu wa serikali.

Nilitaka tu nionekane niko kazini.

Nikasahau kwamba niko Ukambani. Kwetu kuna mwethya, kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Leo wanachimba matuta ya kwako, kesho bwawa la mchanga la mwingine. Mwethya hausubiri barua. Ukiona kigingi, unachimba.

Basi nikamwendea mwenyekiti wao, Mama Ndeti, povu bado mdomoni.

"Mama Ndeti, mbona haraka hivi? Ofisi bado haijasema kitu."

"Ofisi ikikuja ikute tumemaliza," akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe leta posti peke yake. Tumekaa kwa giza ya kutosha, Injinia."

Ningesema pale pale. Mdomo ulikuwa wazi. Nikatupa jicho kwa mama yangu, nikamwona yuko shimoni, leso kiunoni, anachimba kuliko wote.

Nikaenda kutema povu.

Mchana walipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mimi nikapewa sahani ya kwanza.

Ndipo Mama Kathini akaja kukaa karibu nami. Huyu ni mjane. Mpakani mwa shamba lake alipanda mikau, ile miti ya mbao ngumu ambayo watu wa kwetu huipanda mtoto akiwa mchanga ili ije imsomeshe. Binti yake, Kathini, alikuwa amemaliza Form Four na kupata alama nzuri. Alishatangaza kwamba atasoma kozi ile ile niliyosoma mimi.

"Injinia, hii laini si inapita juu ya mikau yangu?"

"Inapita," nikasema.

"Sasa italazimu nikate?"

Jibu la darasani nilikuwa nalo. Nikalitoa kama niko kwenye mtihani. "Kwa kawaida laini inataka nafasi pande zote mbili, mama."

Akaihesabu ile miti kwa kidole.

"Basi tutakata. Stima ikikuja nitanunua friji niuze maziwa. Ngai akubariki, mwana wakwa."

Akanibariki, jamani! Nilijisikia kama mwizi aliyeombewa safari njema.

Asubuhi iliyofuata nikasikia msumeno wa petroli.

Nilikimbia bila viatu. Nilipofika, nusu ya ile mikau ilikuwa imelala chini. Mnunuzi wa mbao alikuwa amesimama pale akitaja bei ya kutupa, kwa sababu mti ukishaanguka, anayepanga bei ni mnunuzi. Na msumeno ulikuwa umeshahamia kwenye mti mwingine.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Ukazimwa. Mwethya mzima, uliokuwa umerudi kumalizia mashimo, ukageuka kunitazama.

"Hakuna stima," nikasema. "Hakuna ofisi. Mimi sina kazi. Nilifungiwa nyumba huko Kambu. Hivi vigingi niliweka tu ndio msinicheke."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama Ndeti akauliza polepole, "Na mama yako alijua?"

"Hajui kitu. Hata yeye nilimdanganya."

"Nilijua."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama na jembe lake mkononi.

"Nilijua hata kabla hajafika," akawaambia wenzake. "Landilodi alinipigia simu. Na ni mimi niliwaita mchimbe. Mlikuwa mmeanza kuuliza kama kijana amefutwa. Nikawaambia ametuletea stima."

"Mwaitu, kwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi.

"Wewe si uliniambia uko fieldi? Nikaona ndivyo unataka tuseme."

Kumbe siku zote zile mama alikuwa akichimba kwa mikono yake mashimo ambayo alijua hayataingia nguzo, mradi mwanawe asiaibike. Nililia pale mbele za watu, na sikujali nani ananiona.

Mama Kathini hakupiga kelele. Alikaa juu ya gogo la mkau wake, akapangusa vumbi la mbao kwenye leso. Kisha akamwambia mwenye msumeno aende nyumbani.

Mwethya una sheria zake. Hawakututukana, wala hawakutupeleka kwa chifu. Walisema tu kwamba zamu ya boma letu imekwisha, na kwamba mimi na mama tutafanya kazi kwa Mama Kathini hadi yeye mwenyewe aseme basi. Mashimo tuliyafukia wenyewe.

Niliona ni haki. Kila asubuhi nilikwenda kumchimbia matuta, na kadiri mgongo ulivyouma ndivyo nilivyojiambia kwamba kosa linapungua.

Siku moja Kathini akaniletea uji shambani. Wakati wa kuchagua kozi ulikuwa umefika, nikaona nafasi ya kufanya jambo moja la maana.

"Kathini, safari hii nakuambia ukweli," nikasema. "Injinia si kozi mbaya. Lakini anza kutafuta watu wa kazi ukiwa mwaka wa pili, usingoje cheti. Atachimenti usiende kuchemshia watu chai. Na laiseni ya kufunga waya kwa nyumba za watu, itafute mapema. Mimi niliidharau, nikasema hiyo ni kazi ya fundi."

"Nimeshajaza," akasema. "Ualimu."

Nikaweka jembe chini. "Ni ile miti? Niambie tu. Nitapanda mingine, nitafanya vibarua, nita..."

"Imebaki ya kutosha. Mama aliniambia nichague ile ninataka." Akachukua kikombe changu. "Si miti, Nzomo."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina.

"Ni nini basi?"

"Mimi sikuwa nataka stima. Nilikuwa nataka kuwa kama wewe."

Akaenda zake, hata uji sikuwa nimemaliza.

Siku hizi Mama Kathini ameshasema basi, nami nafunga waya majumbani pale Kitui mjini chini ya fundi mwenye laiseni, huku nikingoja yangu. Kazi ipo. Mama ananipikia na tunaongea vizuri. Mpakani kwa Mama Kathini nimepanda mikau mingine, na imeshika. Lakini nikimwona Kathini kanisani mimi hutazama chini. Mti naweza kurudisha. Lile aliloniambia sijui linarudishwa vipi.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa umefunga begi, unapanga utasema nini ukifika mlangoni, nisikilize. Sema huna kazi. Sema siku hiyo hiyo, kabla hujavuta kiti. Itakuuma wewe peke yako.

Ukingoja kesho, kuna jirani anayekupenda ambaye atakuwa ameshaita mwenye msumeno.