Pembe za Landrova ya Nurdin

Marehemu Nurdin aliacha nyumba moja kule Ilemela, na Landrova ya mwaka 1968. Nyumba ilikuwa na nyufa, lakini Landrova ilikuwa inawaka. Miaka mingi aliitumia kubebea kayabo, wale sangara wa kukaushwa kwa chumvi, na kwa kazi hiyo alisomesha watoto wake wote. Kila Ijumaa aliliosha gari kwanza, ndipo akaoga yeye.

Mkewe Mwanabaraka alipomaliza eda, shemeji yake Iqbal, mdogo wa marehemu, akaja na habari ya mnunuzi. Ni mzee mmoja wa Arusha, anapenda magari ya zamani.

"Anataka picha tatu tu, shemeji," alisema Iqbal. "Kibati cha namba kilicho ndani, namba ya injini, na namba iliyogongwa kwenye chesisi. Zikikubaliana na kadi ya gari, anakuja kulichukua."

Kibati kilikubaliana na kadi. Injini nayo, baada ya kufutwa grisi, ikakubaliana. Namba ya chesisi haikuonekana. Nurdin alikuwa na desturi ya kulipaka gari lami chini kote, ili maji ya chumvi yanayochuruzika kwenye samaki yasile chuma. Wakamwita Machibya, fundi wa Kisesa, mtu asiyeishiwa maneno.

"Mama, mzee alilipaka hili kama anaziba bati la choo," Machibya alisema akiwa uvunguni.

Mwanabaraka akacheka. Tangu msiba alikuwa hajacheka.

Machibya akasugua kwa dizeli na brashi ya waya upande wa kulia mbele, kwenye ile pembe ya chesisi inayoshika springi. Kisha akapitisha chaki na kufuta juu juu kwa kiganja. Tarakimu zikabaki nyeupe ndani ya chuma cheusi. Yeye akasoma chuma, Mwanabaraka akasoma kadi. Mwanzo walikwenda pamoja, halafu wakaachana.

"Rudia, mwanangu," Mwanabaraka alisema.

Akarudia. Haikuwa namba moja.

Machibya akachokonoa lami nyuma kidogo, akakuta mshono wa kuchomelea. "Pembe hizi si za gari hili, mama. Za kwenu zililiwa na chumvi, zikakatwa, zikawekwa za gari jingine. Namba imekuja na pembe."

Mwanabaraka akamtazama Iqbal. Iqbal alikuwa anatazama tairi.

"Pembe za nani, shemeji?"

"Ya nini kuchimbua? Machibya apitishe jiwe la kusagia, tuseme namba imeliwa na kutu."

Machibya akaweka brashi chini. "Mimi namba sifuti, kaka. Nina watoto."

Mwanabaraka alisema polepole, "Siku ya mazishi ulisimama wewe mbele ya jeneza. Ukauliza kama yupo mwenye haki yake kwa Nurdin ajitokeze. Watu wakanyamaza. Na wewe ulikuwa unajua?"

Iqbal akaketi juu ya tairi la akiba. "Ni za gari la Antoni wa Magu. Lilikuwa bovu, limelala nyuma ya ghala lake la pamba. Tulikwenda kumwomba, hatukumkuta. Ni ule mwaka wa mvua kubwa, na sisi samaki wanatuozea. Tukakata. Nurdin akasema tutarudi kumweleza."

"Mkarudi?"

"Kila tukipanga, aibu inatushika."

Mwanabaraka aliingia kuswali alasiri, akakaa juu ya mswala muda mrefu. Alipotoka alisema neno moja tu, kwamba kesho wanakwenda Magu, kwa sababu hawezi kumwacha mumewe alale na haki ya mtu.

Antoni alikuwa amekwisha kufariki. Walimkuta mjane wake, Wilhelmina, bibi mwenye macho mazito, anapepeta mchele. Nyuma ya ghala gari lake bado lilikuwepo, pua imeanguka chini kama ng'ombe anayekunywa maji, kuku wanataga ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Mwanabaraka akaeleza yote bila kuficha. Wilhelmina alisikiliza, ungo umesimama mapajani.

"Kwa hiyo hakuwa Revocatus," alisema mwisho.

Revocatus, mdogo wake Antoni, ndiye aliyekuwa analinda ghala lile. Antoni aliporudi na kukuta gari limekatwa, aliita ukoo mzima, akasema mdogo wake ameuza vyuma akanywea pombe. Alifukuzwa siku ileile. Alihamia kisiwani Ukara, hata kumzika kaka yake hakuja.

Mwanabaraka akapiga magoti. "Tusamehe, mama. Msamehe na marehemu."

"Vyuma nimekuachieni. Nivipeleke wapi na uzee huu? Lakini kusamehe neno hili si kazi yangu. Aliyeitwa mwizi ni mwingine."

Akatoa simu kifundoni mwa khanga, akampigia Revocatus, akasema maneno machache ya Kisukuma, kisha akainyoosha mbele. Mwanabaraka aliupeleka mkono, lakini Iqbal akaiwahi.

"Shikamoo, kaka. Naitwa Iqbal, wa Mwanza. Gari la kaka yako tulilikata sisi, mimi na marehemu kaka yangu. Msumeno niliushika mimi."

"Antoni aliambiwa?" Revocatus aliuliza.

"Hapana. Tumechelewa."

"Hizo pembe zipo?"

"Zipo. Ziko kwenye gari letu."

"Msiliuze. Nitakuja nizione kwa macho yangu, na ukoo uwepo." Akakata simu. Hakusema amesamehe, na Iqbal hakuthubutu kupiga tena.

Mnunuzi wa Arusha aliambiwa ukweli, na kwamba gari haliuzwi. Mwanabaraka amekataza lisipakwe lami, na ile chaki isifutwe. Kila baada ya swala anamwombea Nurdin, lakini anaanza na Revocatus. Iqbal naye, meli ya visiwani ikitarajiwa, analiwasha gari na kwenda bandarini. Analiegesha pua ikitazama maji, anasimama kando ya pembe ya kulia, anaangalia watu wanaoshuka, uso baada ya uso, mpaka wa mwisho.