Jeti au Pangaboi

Nani anabisha? Juzi nimemshauri bosi wa ndege, mimi niliyeishia darasa la sita. Alitoka shirika la nauli nafuu, amekuja kukagua uwanja wetu wa Nachingwea.

"Tutanunua ndege za aina moja tu, mafundi wasihangaike," alisema. "Jeti au pangaboi, hizi ndege za propela, bado tunapima."

Mwalimu mmoja wa Ruangwa, kwao Bukoba, mama yake hoi kitandani, alibana mkoba kifuani. "Jeti itatua hapa?"

"Hapana, mwalimu. Uwanja mfupi."

Nikadakia: "Chukua pangaboi, bosi! Jeti ya nini, kwani tunafukuzwa?"

Watu wakashangilia. Bosi akauliza nani atapanda. Mwalimu akanyoosha mkono peke yake, akageuka kututazama mmoja mmoja.

"Ndege haijazwi kwa makofi," alisema bosi.

Haya, kuna kipande nimeruka: mkono wangu ulikuwa mfukoni. Naogopa ndege, jamani.