Mama Bobini na somo yake wa mtandaoni

Saa mbili asubuhi, mlango wa bati unafunguliwa kwa teke, maana mikono ya mwenyewe imejaa. Mkono mmoja umekumbatia cherehani nzito ya chuma kama mtoto aliyegoma kutembea. Mwingine umeshika simu, na macho yote yako kwenye simu.

"Angalia usije ukajikwaa," anasema fundi redio wa kibanda cha pili.

"Nikianguka, okota simu kwanza," anajibiwa. "Mimi nitajiokota."

Huyu ni Mama Bobini, fundi wa kutengeneza cherehani. Jina hilo, la kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, alibandikwa na wateja, likamganda. Siku hizi mumewe akimwita kwa jina lake la utotoni, hageuki.

Cherehani aliyoibeba ni ya mshonaji wa mtaa wa nyuma, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Inashona mshono ulionyooka vizuri tu, lakini zigizagi imekataa. Kitasa chake cha kuchagulia mshono hakizunguki, hata ukikisemesha kwa upole, hata ukikitukana.

Mama Bobini ameshaifungua na kuifunga mara nyingi. Anahisi kuna gia imevunjika ndani, na gia hiyo haiuzwi tena popote. Mshonaji naye amechoka kusubiri.

"Shoga, nakupenda, lakini upendo haupindi nguo," amemwambia. "Ijumaa ikifika hujapata dawa, mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na mizani yake. Mashine ya mama itaenda kuwa nondo."

Zamani jambo kama hili lingeisha kabla chai haijapoa. Mafundi wa cherehani walikuwa na kundi lao kwenye mtandao mmoja mkubwa. Mmoja akikwama anapiga picha, mwingine aliye mbali anajibu. Hawakuwahi kuonana, walijuana kwa vidole tu, kwa kuwa picha zote zilikuwa za mikono yenye mafuta.

Siku moja wakaamka, kundi halipo. Limefungwa, na picha na majibu ya miaka yote yamekwenda nalo.

"Niliandika malalamiko," anasimulia Mama Bobini huku akisugua bisibisi. "Nikajibiwa na mashine. Mimi natengeneza mashine, bwana. Sijazoea zinijibu."

Fundi redio ndiye aliyemweleza habari za mabaraza ya mtandaoni yasiyo na mwenye nyumba mmoja. Alimfafanulia kwamba ziko seva nyingi, yaani kompyuta zinazotunza mabaraza hayo, kila moja na mwenyewe na masharti yake, ila zinapitishiana mazungumzo kama majirani wanaoongea juu ya ua. Ukijisajili kwenye moja, unaweza kusoma na kujibu yanayosemwa kwenye nyingine. Na hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kuzifunga zote.

Maelezo yalikuwa mazuri. Shida ni kwamba fundi redio, pamoja na kutengeneza redio, hana kitufe cha kuzimia. Alipofika pale pa kujisajili kwenye moja tu, msikilizaji wake alikuwa ameshaondoka kwenda kununua mafuta ya cherehani.

Kwa hiyo Mama Bobini akaanza kwa akili yake mwenyewe. Seva ya kwanza aliichagua kwa kuwa ilikuwa na picha ya nyuki mnono. Kumbe ilikuwa ya wafuga nyuki.

"Watu wa adabu mno," anasema. "Wakaniuliza nina mizinga mingapi. Nikawaambia sina hata mmoja. Wakanipa pole kama nimefiwa."

Hapo hapo akauliza habari za kitasa kilichokataa, akabandika na picha. Kisha akawaza: mtu hawezi kuongea nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Akaenda kujisajili seva ya pili, na ya tatu, na nyingine tena, kote kwa jina lile lile na picha ile ile ya sindano.

Kesho yake aliingia kwa mlango mwingine, ule wa seva ya pili, na macho yakamtoka. Kuna mwanamke ameuliza juu ya cherehani ya aina ile ile, yenye ugonjwa ule ule, na anaitwa Mama Bobini!

"Somo yangu!" akaandika kwa furaha. "Pole sana! Na mimi yananisibu hayo hayo. Usikate tamaa, tuko wawili."

Jioni akarudi kwa wafuga nyuki, akakuta amejibiwa. Machozi yakamlenga. "Ahsante somo. Wenye roho kama yako wamebaki wachache. Mumeo ana bahati."

"Na wako pia," somo akajibu asubuhi, kutoka seva ya pili.

Wakaendelea hivyo siku kadhaa, wakisifiana, wakipeana moyo, wakimsengenya fundi redio kidogo. Mume wa Mama Bobini, dereva mstaafu, akaanza kuona wivu.

"Huyo somo yako mbona anakuteka hivyo? Ana nini mimi nisichonacho?"

"Ananielewa."

Aliyegundua ni fundi redio, alipoazima simu kutafuta mchoro. Alisoma, akasoma tena, akakaa chini sakafuni akicheka bila sauti, mabega yanaruka.

"Mama Bobini, huyu ni wewe. Na huyu ni wewe. Umejitongoza wiki nzima!"

Mama Bobini alijifunika kanga usoni kwa aibu. Lakini alipochungulia simu akakuta mambo mengine. Mazungumzo ya masomo wawili yalikuwa yamesomwa seva kwa seva, watu wamecheka na kupitishiana. Chini kabisa kulikuwa na ujumbe mpya.

"Duniani mtu wa kujishukuru mwenyewe kwa unyenyekevu namna hii ni mmoja tu," ulisema. "Fundi, ni wewe? Mimi Babu Koleo wa lile kundi letu. Nimeona vidole vyako kwenye picha."

Na chini yake: "Acha kuifungua, utaipotezea skrubu. Gia haijavunjika. Ni mafuta ya zamani yameganda kama gundi. Ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, tia tone la mafuta mapya, zungusha taratibu. Usiharakishe."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mama Bobini hana mashine ya kukaushia nywele, ila msusi wa ng'ambo ya barabara anayo. Cherehani ikavushwa, ikawekwa kwenye kiti cha saluni, mbele ya kioo, kati ya wateja wawili wenye vichwa vibichi.

"Huyu naye anataka mtindo gani?" akauliza msusi.

"Zigizagi," akajibu Mama Bobini.

Mshonaji akaitwa, akafika anahema. Hewa ya moto ikapulizwa, tone likatiwa, kitasa kikashikwa. Kikagoma. Tena moto, tena tone. Mara kikatoa mlio mdogo, kikazunguka. Sindano ikayumba kushoto, ikayumba kulia. Mshonaji akainamisha uso juu ya chuma cha mama yake, akakaa hivyo muda, na saluni nzima ikajifanya haioni.

Ijumaa mwenye mizani alirudi mikono mitupu.

Sasa Mama Bobini amebaki na akaunti moja, ile ya kwa wafuga nyuki, kwa kuwa ndio waliomkaribisha kwanza. Kwa ruhusa yao amefungua baraza la mafundi wa cherehani za zamani, naye ndiye msimamizi. Babu Koleo amekuja, na anawafuatilia wengine waliotawanyika. Mpango wake ni kuwakusanya wote, kila mmoja kwenye seva anayoitaka, ili seva moja ikizimika, mazungumzo yaendelee kwa majirani.

Mtu wa kwanza kuuliza swali barazani alikuwa mshonaji. Ameandika: "Fundi akikwambia njoo kesho, huwa ana maana kesho ipi?"

Msimamizi ana uwezo wa kulifuta. Amelitazama, amekunja uso, amefuta miwani.

"Sifuti," anasema. "Hapa kila mtu ana haki ya kusema. Nitamjibu kesho."