Mama Niliyemuua Kando ya Tana

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kudai ushahidi, kwa hivyo nacheka kwa aibu nikikumbuka nilivyomuua mama wa watu mchana kweupe, na sambusa mkononi.

Nilipohamishiwa Garissa kutoka Bungoma sikuwa na mtu. Aliyenipokea ni mama mwenye nyumba, Mama Sahra, ambaye kila Ijumaa baada ya swala hukusanya majirani watatu sebuleni kutazama filamu za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali, nami nakaa katikati yao na chai yangu, nacheka wakicheka, nalia wakilia, wala sielewi kitu (mwaka mzima nilikuwa naitikia tu, eti mimi nami ni mwenyeji).

Ijumaa hiyo ilikuwa filamu ya mama aliyemfukuza mwanawe kwa kuoa bila kumwambia. Hiyo hata bila Kisomali niliielewa, kwa sababu Mama Sahra hakugusa chai yake. Mwanawe Yusuf alioa kwa siri kule Mandera, na kwa miaka miwili mama hajapokea simu yake hata moja. Basi mama wa filamu ameugua, kijana yuko njiani anakimbia, stima ikapotea, runinga ikazima.

"Mwalimu, wewe iko na kompyuta," Mama Sahra akaniambia, akinipa flashi ya filamu. "Malizia, kesho utuambie."

Nilijaribu, wallahi. Nikaona mama amelala, amefunikwa shuka nyeupe, watu wanalia, maneno siyaelewi, na karatasi za mtihani zinanisubiri, nikasema huyu kwisha, nikazima. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini hivi.

Jumamosi tukatoka wote kwenda shambani kwa jirani, kando ya mto. Mikeka ikatandikwa, nyama ya mbuzi na sambusa zikaja, birika likazunguka.

"Haya abaayo, dada yetu, iliisha aje?" akauliza Mama Sahra.

Hapo ningesema tu sikumaliza, mambo yangeisha. Lakini wamama wanne wamenigeukia kama wanafunzi siku ya matokeo, nami kwa mara ya kwanza ndiye ninayejua, kichwa kikavimba. Nikasema nimeiona yote, mama alikufa kijana akiwa mlangoni. Wakasema inna lillahi. Nilipoona wameguswa hivyo nikaongeza chumvi, nikampa marehemu maneno ya mwisho: "Mwambieni angepiga simu mara moja tena tu, ningepokea."

Mama Sahra akaweka sambusa chini. Akafuta mikono polepole, akachukua simu, akaenda kusimama peke yake karibu na maji. Tulimwona akiongea huku analia. Nikajua nimechezea kitu kisicho changu.

Jumatano Yusuf akashuka kwenye basi la Mandera na mkewe, Hodan. Mama aliwashika wote wawili kwa pamoja. Mimi nikajifungia chumbani nikilia kwa furaha na kwa woga.

Ijumaa ikafika. Mama Sahra akasema wageni lazima waone filamu iliyowaleta. Nikadai flashi imeharibika, kumbe nilishairudisha nayo ilikuwa tayari kwenye runinga. Ikafika shuka nyeupe. Mama wa filamu akapiga chafya, akaketi, akaomba uji, na baada ya dakika kumi alikuwa anacheza ngoma na mkwewe, amevaa dhahabu mpaka puani.

Nyuso zote zikanigeukia. Nilitamani nimezwe na zulia.

"Mwalimu," akasema Mama Sahra taratibu, "mimi nililia bure?"

"Nisamehe hooyo, mama yangu. Sikumaliza. Na Kisomali sijui."

"Hiyo tunajua tangu mwezi wa kwanza. Wewe hucheka ukiwa umechelewa." Akamtazama Yusuf, kisha Hodan. "Huyo wa filamu hakufa, na mimi sijafa. Mimina chai."

Tangu siku hiyo Hodan hukaa ubavuni mwangu akininong'oneza kila neno kwa Kiswahili, nami siinuki mpaka majina yote ya mwisho wa filamu yapite, na nimeapa kutomuua tena mtu nisiyemwona akizikwa. Ila jana Yusuf alinivuta pembeni, sauti chini.

"Mwalimu, baba yake Hodan huko Mandera bado amenuna kwa sababu ya ile ndoa. Hakuna filamu ya baba?"