Muziki Mtupu wa Shangazi

Juzi nilikwenda Mpendae kwa mwanangu, nikamkuta mjukuu wangu kasimama mbele ya kioo, simu mkononi, anaimba. Muziki kamili ulikuwa unatoka kwenye simu, fidla na ngoma na kila kitu, ila mwimbaji hayumo. Nikamuuliza mwimbaji kenda wapi. Akacheka, akanambia, "Bibi, siku hizi muziki unaupata mtupu, sauti unatia mwenyewe. Nyinyi zamani hamkuwa na mambo haya." Nikakaa kitandani nikacheka mpaka machozi. Hatukuwa nayo? Mwenzangu, sisi tulikuwa nayo kabla mama yake hajazaliwa, na yalikaribia kututoa roho.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, mie nna miaka tisa. Tulikuwa tukikaa Kiponda, nyumba ya ghorofa mbili ambayo ngazi zake zililia kila ukizikanyaga. Shangazi yangu, dada wa baba, hakujaaliwa mtoto. Dada yangu mkubwa kalelewa na yeye tangu alipoachishwa ziwa, akafunzwa kupika, kushona na kujibu watu kwa adabu. Na shangazi alijiwekea nadhiri: siku ya harusi ya mtoto yule atamwimbia wimbo aliomtungia mwenyewe. Sauti yake tuliijua sisi wa nyumbani na majirani wa karibu tu. Akikuna nazi anaimba, akichagua mchele anaimba. Lakini kusimama akaimba mbele ya wanaume hajapata tangu azaliwe, na hakuwa na nia ya kuanza. Sasa harusi inakaribia, na wapigaji tuliowajua wote ni wanaume. Ataimba vipi?

Kwanza tulitafuta. Nilizunguka nyumba hadi nyumba na kikapu nikiazima santuri, tuone kama ipo yenye muziki bila ya mwimbaji. Haipo. Kila tunayoiweka, mtu keshaanza kuimba. Shangazi akajaribu kuimba juu yake, ikawa kama wake wenza wawili wanagombania jiko, tukacheka hata bibi, mama yake shangazi, akatufukuza ukumbini. Ndipo tukamwendea fundi redio wa mtaani kwetu, kumuuliza kama anaweza kumtoa mwimbaji ndani ya santuri. Akavua miwani. Akasema kumtoa mtu humo ni sawa na kutoa chumvi kwenye mchuzi. "Lakini mimi nna rikoda ya tepu," akasema. "Leteni wapigaji nikurikodieni muziki mtupu. Siku ya harusi Bi mkubwa ataimba juu yake, na mwanamme hatakuwapo hata mmoja." Shangazi alinikumbatia mie, kwa vile fundi hakumbatiki.

Jirani yetu wa dirisha kwa dirisha alikuwa mwalimu wa skuli, mtu mzima, ambaye jioni akishasahihisha madaftari hupiga fidla. Wimbo wa shangazi alikwisha kuujua zamani. Miaka mingi alikuwa akiusikia kutoka jikoni kwetu, akiufuata polepole na upinde wake, na wao wawili hawajapata kusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Hapana mpigaji mwengine aliyeujua. Lakini mwalimu alikuwa anahamia Dar es Salaam kwa mwanawe, na meli yake ni Ijumaa asubuhi, wiki mbili kabla ya harusi. Ilibaki Alhamisi mchana tu, baina ya adhuhuri na alasiri.

Alhamisi ile nyumba nzima ilikuwa juujuu. Tulitoa magodoro ya usufi vyumbani tukayaegemeza kwenye kuta za ukumbi, maana fundi alisema kuta za mawe zinarudisha sauti. Tukatundika mablangeti madirishani. Nikakimbia mtaa mzima na ujumbe wa shangazi: msitwange, msiite watoto, mfunge kuku wenu, mpaka iadhiniwe alasiri. Fundi bati wa uchochoroni alikubali kuweka nyundo chini kwa sahani ya visheti. Muuza kahawa tulimsahau, akapita na vikombe vyake vinagongana, na mpaka leo yumo kwenye tepu. Kunguru nao wamo, maana nani atawaambia?

Wanaume walikaa ukumbini: mwalimu na fidla yake, mwenzake mpiga ngoma ya dumbaki, na fundi na rikoda yake yenye magurudumu mawili. Shangazi alikaa chumbani nyuma ya pazia, akiimba kwa midomo tu, bila ya sauti, ili muziki uwe na urefu wa maneno yake. Mie nilikaa mlangoni, jicho moja huku na jicho moja kule. Akimaliza ubeti nampungia mwalimu mkono apige kiitikio. Kiitikio kikisha nampungia shangazi aanze ubeti mwengine. Wallahi nilijiona mimi ndiye mwenye ule wimbo. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Jasho linanitiririka na sitaki kulifuta.

Baada ya ubeti wa tatu shangazi alifumba macho. Ndio wenye maneno haya:

Mwanangu waondokea, nyumba yabaki na nani.

Kiitikio kikaisha, nikampungia, hakuniona. Nikampungia tena. Mwalimu ananitazama, upinde unazungukia palepale, na mie nikaona wimbo unazama mbele ya macho yangu. Nikasahau yote niliyokatazwa. Nikaita, "Shangazi!"

Naye, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa kuitika, akaitika wazi, "Naam, mwanangu."

Mwalimu hakusimama. Alipiga mpaka mwisho kama hakusikia kitu. Fundi alipozima rikoda, alasiri ikaadhiniwa, na wapigaji wakaondoka, mwalimu ana mizigo ya kufunga na jamaa wa kuwaaga. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Bibi akasema maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake. Akasema fundi hawezi kuingia kwa wanawake, kwa hivyo mie ndiye nitakayekaa kwenye rikoda siku ya harusi. "Pakifika pale petu, punguza sauti. Tukishapita, ipandishe. Umenisikia?" Nilikwenda kwa fundi kila siku nikitoka chuoni kusoma Kurani, nikakijua kile kitufe cha sauti kuliko vidole vyangu.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa wanawake, udi unafuka, asumini vichwani, pilau inanukia kutoka uani. Dada yangu kaketishwa juu ya kiti, kainamisha uso, na somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, kamsimamia, maana bibi harusi hacheki wala hainui macho. Nikabonyeza. Fidla ya mwalimu ikatoka, yeye yuko Dar na sisi tuko naye. Shangazi akasimama, akaanza.

Sijui nikwambieje. Sauti ile niliyoizoea na mbuzi ya nazi, siku ile ilipata mahali pake. Wanawake waliacha vikombe hewani. Ubeti wa kwanza, wa pili. Alipofika kwenye nyumba yabaki na nani, nami nikafumba macho.

Unajua kilichotokea. Spika ikaita kwa sauti yangu, "Shangazi!" Ikajibu kwa sauti yake, "Naam, mwanangu." Ukumbi wote ukanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini shangazi alimtazama dada yangu, akacheka, akaimba palepale, ndani ya fidla, "Naam, mwanangu, naam." Bibi mmoja wa nyuma akaita, "Shangazi!" Akamwitika. Wakaita watano, wakaita wote, kwa makofi na vigelegele, na yeye anawaitika kwa wimbo. Dada yangu akainua uso akacheka meno yote nje, somo yake anamfinya wala hasikii. Tepu ikaisha, gurudumu likawa linazunguka tupu, na wao wanaendelea. Nilikuwa na furaha siku ile ambayo mpaka leo sijapata nyengine ya kuilinganisha nayo.

Shangazi keshatangulia mbele ya haki, miaka mingi sasa. Mwalimu hakurudi. Nyumba ya Kiponda wanalala wageni, na ngazi hazilii tena, zimetiwa saruji. Na katika harusi ile hapana aliyemrikodi shangazi akiimba. Rikoda ilikuwa ni ile moja, nayo ilikuwa kazini.

Tepu yenyewe dada yangu kaiweka kwake Chukwani, sandukuni, ndani ya kanga za harusi. Nilipomhadithia haya, mjukuu wangu akaifuata, akaipeleka kwa kijana mmoja akaihamishia kwenye simu, tukakaa kitandani tukasikiliza. Vikombe vya kahawa. Kunguru. Fidla inamngojea mtu aimbe, na mtu haimbi. Kisha mtoto akaita, na shangazi yangu akaitika.

Mjukuu akasimamisha. "Bibi, hapa pameharibika," akasema. "Lakini siku hizi sauti ya mtu inatolewa. Nikutolee hizi mbili, ubaki muziki mtupu?"

Nikamnyang'anya simu.