Jioni Mama Alipoingia Msituni

Bado naiona, mwanangu, ile jioni ya Desemba mama mkwe wangu alipoiacha barabara akaingia msituni bila kuniuliza. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi na mume wangu Wanjala tulikuwa bado tumepanga nyumba kule Gataka, kando ya msitu, kabla hatujapata hiki kiwanja cha Kitengela unachokiona leo. Mvua za vuli zilikuwa zimeisha, jua limeanza kuwa jua, na kila kitu kilikuwa kijani.

Mama alikuwa amekuja kwetu kutoka Bungoma baada ya kumzika mzee wake. Wanjala ndiye aliyemleta, akidhani mji utamsahaulisha. Haukumsahaulisha chochote. Alikuwa akiamka, anakaa kwenye kitanda, anaangalia ukuta. Ukimpa ugali anaukata vipande vidogo na kuvipanga kwenye sahani, kisha anakushukuru na kukurudishia vyote. Hakulia hata mara moja. Hata kule makaburini hakulia. Watu walimsifu kuwa ni mwanamke jasiri, lakini mimi niliyekuwa naosha ile sahani nilikuwa naogopa.

Mwishowe akasema anataka kurudi nyumbani. Wanjala alimuuliza atakaa na nani, maana watoto wote walikuwa wametawanyika. Akajibu, "Nitakaa na mzee wangu." Hatukulala vizuri usiku ule. Lakini mama yako akisema jambo mara tatu, utafanya nini? Wanjala akamkatia tiketi ya basi la kesho yake asubuhi.

Basi jioni hiyo nilimpeleka kwa fundi wa nguo upande wa pili wa msitu, kuchukua rinda la kusafiria. Fundi hakuwa amelimaliza. Aliniambia stima ilipotea mchana kutwa, na cherehani yake, mwanangu, ilikuwa ya miguu! Nilikasirika, nikamwambia nitalifuata saa moja na lisikose. Tukaanza kurudi mikono mitupu, mimi nikiwaza nguo zilizo kwenye kamba na watoto ambao hawajakula.

Hapo ndipo Mama aliposimama. Barabara ilikuwa na vumbi na malori ya mawe ya kujengea yalikuwa yakipita. Upande wa kushoto miti ilikuwa imesimama kimya, na kanjia kakipita katikati.

"Hii njia inaenda wapi?" akauliza.

"Inatokea kwetu, lakini ni ya kuzunguka. Na jua linaenda, Mama."

"Wacha liende," akasema, akaingia.

Nilitaka kumwita. Msitu ule tulikuwa tukiuogopa; watu walisema una wezi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba yeye kutaka kitu kingine mbali na kurudi Bungoma. Nikameza maneno yangu, nikamfuata.

Ndani kulikuwa na baridi tamu. Harufu ya majani yaliyolowa ilikuwa bado chini ya miti, na mwanga wa jioni uliingia kwa pembeni, ukiangukia shina hili na kuacha lile. Kima walikuwa wakirukaruka juu na kututupia makombo ya matunda. Mama akavua viatu vyake vya plastiki akavishika mkononi. Nilikuwa nimezoea kupunguza mwendo kwa ajili yake, ila siku hiyo mimi ndiye niliyeachwa nyuma, mwanamke wa miaka thelathini nikihema. Aligusa kila mti aliopita. Hakusema kitu, nami kwa bahati njema sikuwa na pumzi ya kusema.

Tulipofika kwenye kijito tukamkuta mwanamke mzee wa Kimaasai ameketi juu ya jiwe, mzigo wa kuni kando yake. Alituangalia, akasema, "Takwenya."

Mama akanigeukia. "Amesema nini?"

"Anakusalimu. Unamjibu iko."

"Iko nini?"

Yule mwanamke alisikia, akacheka hadi shanga zake zikalia. "Iko tu," akasema. "Wewe sema iko."

"Iko," Mama akasema, na akacheka. Mwanangu, nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Wakaketi pamoja. Yule mama aliitwa Ng'oto Saruni, yaani mama yake Saruni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na cha Mama hakikuwa kingi, lakini walikigawana kikatosha.

"Mzee yako iko?" Ng'oto Saruni akauliza.

"Hayuko. Tumemzika mwaka huu."

"Yangu pia alikufa. Wakati ya ile kiangazi ng'ombe iliisha." Akamtazama Mama usoni. "Unalia?"

"Hapana. Watoto wakiniona nalia wataogopa."

"Mimi nalia hapa," akasema, akionyesha kijito kwa mkono kana kwamba anaonyesha chumba chake. "Kwa nyumba iko watu mingi. Nakuja kuni, nalia, nanawa uso, narudi. Hakuna mtu anajua."

Mama alikaa akiangalia maji. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, kwa Kibukusu, akimwita mzee wake kwa jina la ujanani ambalo sikuwahi kulisikia. Niliinuka nimshike. Ng'oto Saruni akanizuia kwa kiganja tu, nikarudi kukaa. Sisi wawili tulikaa pale tukamwachia nafasi, mpaka machozi yakaisha yenyewe. Kisha akashuka kijitoni, akanawa uso, akanywa na maji.

Ng'oto Saruni alituongoza mpaka ukingoni mwa msitu, kuni mgongoni, akituonyesha mahali pa kukanyaga. Tulitoka kukiwa bado na wekundu angani. Wanjala alikuwa barabarani na tochi, amepagawa kwa wasiwasi.

"Mama, mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunatembea," Mama akamjibu. "Hiyo tiketi mpe mtu mwingine. Nitaenda, lakini si kesho. Kuna nini cha kula?"

Wanjala alinitazama, akaigeuza tochi upande mwingine ili tusimwone uso.

Rinda lilichukuliwa baadaye na kuvaliwa Krismasi. Mama alikaa nasi hadi mvua za masika. Jioni nyingi alikuwa akienda kule msituni, wakati mwingine na mimi, wakati mwingine peke yake kukutana na rafiki yake. Aliporudi Bungoma alirudi kupanda mahindi, si kungoja kifo. Alipanda misimu mingi. Wajukuu zake waliozaliwa miaka ya elfu mbili walimjua akiwa mwanamke wa kelele na vicheko, na hawakuwahi kusikia habari ya ile sahani. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyokaribia kumwita arudi barabarani, naweka mkono kifuani na kusema asante. Namshukuru Mungu, namshukuru Ng'oto Saruni, na hata yule fundi mwongo namshukuru.

Ninyi vijana wa Kitengela nawaona mkipita mbio langoni kwangu asubuhi na kurudi mbio jioni. Sikulaumu, mwanangu, maisha yanataka mbio. Ninachokuomba ni kidogo. Jambo ulilopanga likiharibika na jioni ikabaki wazi mikononi mwako, usiijaze haraka. Tembea. Kama kuna miti karibu, pita huko kungali mapema. Na ukiwa na mtu aliyebeba huzuni, usimpe maneno mengi. Mwache ashike njia anayoitaka, wewe fuata nyuma. Akitaka kulia, kaa karibu na usimfunge mdomo kwa kumbembeleza. Nguo zitakauka, chakula kitaiva.

Mungu akulinde uendako na urudiko. Akupe watu wa kukungoja barabarani ukichelewa, na moyo wa kushukuru mema ambayo hukuyapanga. Wazazi wako wazeeke wakicheka, nawe uishi uwaone. Amina, mwanangu.